Misumari Mdomoni, Kantri Redioni

Fundi wa sofa alihamia mtaani kwetu na nyundo yenye sumaku, viunzi viwili vya mbao vya kuwekea makochi, na redio ya zamani ya kaseti aliyoivika sponji pande zote kama mtoto mchanga, ili vumbi lisiiingie. Nyundo na viunzi sikuwa na neno navyo. Redio ndiyo niliyoichukia, tena kabla sijajua itakuja kunifanya nini.

Karakana yake ilitazamana na dirisha langu. Uchochoro ulio katikati ni mwembamba, mtu wa huku akipiga chafya wa kule anamwombea afya. Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, na meza ya pasi nimeiweka dirishani kwa ajili ya mwanga. Kwa hiyo naona. Wengine husema mimi mbea, lakini mtu anayepiga pasi mikono yake ina kazi, macho yake hayana. Ayapeleke wapi?

Nikamwona basi tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa rika langu, labda ananizidi kidogo, mrefu, mabega ya mtu aliyebeba makochi tangu ujana. Nywele alizifunga kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye kazi za wateja, hata ukitazama kichwa chake ulijua wiki hii anavisha kochi la rangi gani. Akiingia kazini alivua viatu, akapiga magoti mbele ya kochi kama anayeliomba radhi.

Mafundi wa siku hizi wana bastola ya kupigia pini, ta-ta-ta, kochi limekwisha. Yeye hapana. Alichukua misumari midogo, mifupi kama punje za mchele, aliyokwisha kuichemsha, akaitia mdomoni konzi nzima. Kwa ulimi aliusukuma mmoja mpaka kati ya midomo, kichwa kikitangulia. Akapeleka nyundo mdomoni, sumaku ikaunyakua msumari, akagonga mara moja, mara ya pili, nyundo ikarudi mdomoni. Kwa mbali ungedhani anaibusu nyundo yake. Ndiyo maana watoto walimwita Mama Misumari, na sisi wakubwa tukamwita hivyo hivyo akiwa hasikii.

Sasa, mwenye misumari mdomoni hazungumzi. Akizungumza anameza. Kwa hiyo karakana ile ilishinda kimya, na juu ya kimya hicho palikuwa na redio peke yake, na katika redio nyimbo za kantri. Gitaa linavutwa kama mlango usiotiwa mafuta, na mwanamume analalamika kwa pua. Akimaliza mwanamume, anakuja mwanamke, naye analalamika. Kiingereza sikijui, masomo yangu yaliishia njiani, lakini kilio hakihitaji mkalimani. Nilijiuliza huyu mama ana msiba gani usiokwisha.

Ningemwacha na msiba wake. Lakini mwanangu nilimpeleka pale kwa miguu yangu mwenyewe.

Binti yangu ndiye kitinda mimba. Baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Kaka zake wawili walishahama, na simu zao huja kama mvua ya kiangazi. Nilibaki naye yeye. Tangu utotoni tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo, na mdomo wenyewe niliufaidi mimi, hasa jioni wakati wa kukunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine mbili kule, mnavuta likanyooka, kisha mnaendeana mpaka vidole vinagusana, mmoja anakabidhi, anarudi nyuma. Kila tulipokutana katikati aliniletea habari. Nani kamkosea nani, nani kanuna, kijana gani anamtazama. Hakuna alichokijua nisichokijua.

Alipomaliza sekondari na matokeo yasiyompeleka popote, nikavuka uchochoro.

"Hodi, fundi."

Akainua kidole, ngoja. Akatema misumari kiganjani mmoja mmoja.

"Karibu, Mama Chiriku."

Jina langu analijua, na mimi sikumwambia. Hilo nililiweka akiba.

"Nina binti. Mikono yake mizuri. Mdomo ndio mwingi."

"Mdomo tutaupatia kazi," akasema.

"Na akimeza msumari?"

"Dada, mtu humeza mmoja tu. Akishaona shida yake harudii."

Alidhani ananituliza. Sikulala vizuri kwa muda mrefu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Chiriku alirudi jioni midomo imechanika, ananisimulia hata sponji ilivyonuka. Alinieleza jinsi mkanda unavyosukwa chini ya kochi, jinsi springi zinavyofungwa kwa kamba zisikimbiane, jinsi fundi alivyopapasa kochi kuukuu gizani na kukuambia mwenye nyumba hukaa upande gani. Nikawa nacheka naye. Kisha, sijui ilianza lini, akaanza kurudi na kimya. Tulikunja shuka, tukakutana katikati, akanikabidhi pembe, akarudi nyuma. Hakuna habari. Badala yake alikuwa akivuma kwa pua. Wimbo ule ule wa kule ng'ambo ya uchochoro.

"Leo mmefanya nini?"

"Kazi tu, mama."

Kazi tu! Mtoto aliyekuwa akinisimulia mpaka ndoto zake.

Siku moja nikachemsha chai, nikaivusha kule kwenye birika. Nilijiambia nawapelekea watu chai. Ukweli nilitaka kuona kwa karibu. Nikawakuta wamepiga magoti pande mbili za kochi moja la kijani, midomo imejaa misumari, nyundo zinakwenda na kurudi kwa mwendo wa gitaa. Wote wawili walifunga nywele kwa kitambaa kile kile cha kijani. Nikasimama mlangoni. Mwanamke wa redioni akafika mahali fulani katika kilio chake, na wale wawili, bila neno, wakainua macho kwa pamoja, wakatazamana, wakaniona, na macho yao yakacheka. Mabega yakawatetemeka. Mwanangu ilibidi afunike mdomo kwa mkono misumari isimwagike.

"Kuna nini?" nikauliza.

Hawakuweza kujibu. Wana misumari.

Nikaweka birika juu ya kiunzi, nikarudi nyumbani, nikachoma kola ya shati la mtu kwa pasi, jambo lisilonipata tangu nianze kazi hii. Nimezaa, nimelea, nimekesha na homa zake. Yule mwanamke amemfundisha kugonga misumari, basi wana kicheko chao wawili ambacho mimi nikiingia kinafunikwa kwa mkono.

Siku iliyofuata nikatoa redio yangu ndogo, nikaiweka dirishani ikitazama nje, nikatafuta dansi, nikaongeza sauti mpaka vibanio vya nguo vikacheza mezani. Zikawa redio mbili zinapigana uchochoroni kama wake wenza. Adhuhuri Chiriku akavuka, alama za misumari bado ziko midomoni.

"Mama, punguza kidogo. Hatusikii."

"Hamsikii? Akina nani?"

"Mimi na Mama Fundi."

Mama Fundi. Nilipunguza sauti, nikarudi kwenye pasi.

Nikaona nisipigane na kitu nisichokijua. Taulo za kinyozi wa pale kwenye kona nazifua mimi, na nilipompelekea nilimkuta akimnyoa mlinzi wa ghala.

"Hivi ninyi," nikasema, "mtu hupenda nini kwenye kantri?"

Kinyozi alicheka mpaka akainua mashine juu. "Mama Chiriku, usinichekeshe nikamtoa mtu sikio! Kantri? Mtu anamlilia farasi. Wewe unamjua nani hapa mwenye farasi?"

"Mimi naipenda," akasema mlinzi, kidevu kifuani.

"Wewe unashinda na kufuli, lazima upende vilio."

"Si vilio. Nisikilize. Hizi zako," akaonyesha spika kwa kidole chini ya shuka la kunyolea, "zinaanza katikati na kuishia katikati. Nyonga, nyonga, nyonga. Zinazunguka kama nzi chumbani. Wimbo wa kantri una mlango. Unaingia, unamkuta mtu amekaa. Anakwambia alikotoka, nani kamwacha, mama yake alimwambia nini. Halafu anakufungulia, unatoka. Umeongea na mtu."

"Mtu gani? Humjui, hakujui."

"Ndiyo uzuri wake. Wanaonijua hawaniambii kitu, wananyoa tu."

"Sikia huyu! Na Kiingereza chenyewe unakielewa?"

"Nusu naelewa. Nusu najaza."

"Unajaza!" Kinyozi akanigeukia. "Mama, mimi nikipiga kantri hapa, wateja watanyoa huku wanamkumbuka marehemu. Duka litageuka matanga. Muziki ni wa kukuamsha, si wa kukukumbusha."

Nikaondoka na taulo chafu mkononi na maneno ya mlinzi kichwani. Mama yake alimwambia nini. Kumbe kuna mama mle ndani. Nikajiuliza ni mama wa namna gani, na kama yule wa karakana anajiona ndiye mama huyo.

Haukupita muda mrefu, fundi akavuka uchochoro kuja kwangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alivaa viatu, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kisafi, cha rangi ya maziwa. Nilimkaribisha kochini. Kabla hajakaa akalibonyeza kwa kiganja.

"Springi zimelala hizi."

"Zimelala kwa sababu zinakaliwa," nikamwambia. "Hili ni kochi la watu, si la maonyesho."

Akakaa. Akanieleza kwamba kuna mji mwingine, mbali kiasi, umejengwa ukumbi mkubwa, viti vyote vinahitaji kuvishwa, naye amepewa kazi ile pamoja na karakana. Anahama. Moyo wangu ukafurahi, halafu papo hapo ukaacha kufurahi, kwa maana nilijua sentensi inayofuata.

"Umekuja kunichukulia mwanangu."

"Dada..."

"Mtoto si kochi, fundi. Huwezi kumchukua mifupa ukamvisha kitambaa chako ukasema ni wako."

Hakukasirika. Alingoja nimalize, kama mtu aliyezoea kungoja na mdomo uliojaa.

"Nimeshamwomba twende," akasema. "Amekataa."

"Amekataa?"

"Anasema shuka halikunjwi na mtu mmoja."

Nilitaka asirudie, na nilitaka arudie.

"Ndiyo nimekuja kwako. Ana mkono ambao sijauona kwa fundi yeyote. Akibaki bila mwalimu ataishia kuziba matundu ya magodoro. Wewe ukimwambia nenda, atakwenda. Mimi maneno yangu hayana nguvu hiyo."

"Mbona mnasikilizana sana? Mnacheka hata bila maneno. Na Kiingereza chenu."

"Kiingereza?" Akanitazama. "Dada, mimi Kiingereza sijui."

"Miaka yote hiyo na kaseti hizo?"

"Miaka yote. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja, na kaseti ni zake. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya mafundi wanaume, na midomo yao ilikuwa michafu mpaka uwatie misumari. Mzee akiniona nimenyong'onyea anaweka kantri. Basi nasikia watu wanazungumza taratibu, mtu na gitaa lake, kama amekaa ng'ambo ya meza. Sikujua wanasema nini. Nilijua tu hawanitukani."

Akanyoosha kitambaa cha kochi langu kwa kidole, mshono hadi mshono, nadhani hata hakujua anafanya hivyo.

"Mwanao ndiye wa kwanza kunieleza. Wakati wa chai, misumari imetoka, namwuliza, huu unasema nini? Ananiambia. Wa kwanza, kijana anaondoka kwao na lori, mama yake anampigia pasi shati la safari. Nikasema, haya. Wa pili, msichana kaachwa na mchumba, anarudi kwao, anamkuta mama yake anapiga pasi dirishani. Haya. Wa tatu, mfungwa anatoka gerezani, nani kamngoja? Mama, na pasi mkononi. Nikageuza kaseti upande wa pili. Pasi! Dada, hata kama kwao watu hupiga pasi sana, si kwa kiasi hicho."

Nilijizuia nisicheke. Sikutaka ajue kwamba ameniweza.

"Sikumwambia kitu. Niliacha anieleze. Nikipiga magoti pale nakuona dirishani kwako, najisemea, ndiye yule. Siku ile ulipokuja na birika, wimbo ulikuwa umefikia kwa mama mwenyewe, ndipo tukakuona mlangoni. Ulikuwa kama umetoka kwenye kaseti. Tungefanya nini?"

"Mngesema."

"Na misumari?"

Kule ng'ambo nyundo moja ilikuwa ikigonga peke yake, ya Chiriku.

"Siku moja nikamwuliza," fundi akasema, "hakuna wimbo wenye fundi wa sofa? Akafikiri, mtoto wa watu, akafikiri kweli. Akasema, hapana, Mama Fundi, huo bado sijausikia." Akasimama, akakung'uta sketi. "Mimi sikujaliwa mtoto. Nimekuonea wivu tangu kaseti ya pili. Nilitaka nikuambie kabla sijaondoka, nisihame nao."

Neno lile nilikuwa nalo tumboni mimi, mwezi baada ya mwezi, na yeye kalitoa kwanza, tena kwa adabu. Labda mwingine angemshika mkono. Mimi nilimwuliza kama atakunywa chai, na aliposema hapana nilifurahi, nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Nyimbo zote ni zangu! Yeye hayumo hata mmoja!

Siku zile nilipiga pasi kwa madaha. Niliinyanyua juu zaidi ya inavyohitajika, ili kule ng'ambo waone vizuri. Kuhusu kuondoka kwa mtoto sikusema nenda wala usiende. Amekataa mwenyewe, si mimi niliyemzuia. Fundi alikuwa anafunga vitu, kazi za wateja zikaisha moja moja, na Chiriku akarudi kushinda nyumbani na mimi.

Basi nikawa naye kutwa. Alifua, akapiga pasi, hakulalamika. Lakini mimi macho yangu hayana kazi. Nilimwona akitundika nguo kambani, vibanio vyote kaviuma mdomoni wakati kikapu kiko miguuni pake. Nilimwona akipita karibu na kochi letu, mkono wake ukienda wenyewe kubonyeza springi zilizolala, kisha akiuondoa haraka. Na alikuwa kimya. Zamani nililaumu misumari. Sasa misumari haipo, na chiriku wangu bado halii. Nilikuwa nimemshinda mwenzangu, na nilichoshinda kilikaa mezani pangu kikikunja soksi.

Jioni moja tukashika shuka, lile kubwa la nyumba ya wageni. Tukavuta, likanyooka. Akaanza kuvuma kwa pua.

"Huo unasema nini?" nikamwuliza. Sikuwahi kumwuliza hata siku moja. Nilikuwa nikiukatiza tu.

Akashtuka kidogo. "Huu? Huu ni wa... kuna mama mmoja..."

"Anapiga pasi?"

Shuka likashuka katikati. Alinitazama, kisha akacheka, ule wake wa zamani, wa kurudi nyuma. "Mama Fundi amekwambia! Alijua?"

"Alijua tangu gerezani. Nieleze kweli unasema nini."

"Kweli kweli? Ni mwanamume na lori lake, mama. Limeharibika njiani. Basi. Anakaa kando ya barabara anasubiri mtu apite."

"Na mama yake?"

"Hayumo. Nilikuweka mimi. Alikuwa anauliza kila siku, na mengine sikuelewa maneno, nikawa natazama dirishani kutafuta la kusema, nakuona wewe."

Tukaendeana. Vidole vikagusana, akanikabidhi pembe. Sikurudi nyuma.

"Na fundi wa sofa umemweka wapi?"

"Hajaingia popote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ananisikitisha, lakini nikimtia nitamwambia anafanya nini? Anabusu nyundo?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mwenyewe alikuwa mimi, nimeshika shuka. Nilijua nikifungua mdomo maneno hayatarudi. Nikafungua.

"Nenda naye," nikasema. "Kajifunze kazi yako mpaka uimalize. Mashuka nitajua mwenyewe."

"Mama..."

"Nenda. Misumari usimeze. Na yule usimtie kwenye nyimbo."

"Mama!"

"Nimesema usimtie. Kazi akufundishe, chakula mle pamoja, umwite mama ukitaka, mdomo ni wako. Lakini humo ndani nilimo mimi, asiingie."

Alinikumbatia shuka likiwa katikati yetu, ikabidi tulikunje upya.

Waliondoka na lori lililobeba viunzi, marobota ya sponji na redio ile, ameipakata yeye mwanangu. Fundi alinipungia mkono. Nikampungia, si kwa nguvu. Siku hizi karakana ile ni stoo ya mtu ya matairi, na dirishani pangu hakuna cha kutazama. Mashuka makubwa nayafunga pembe mbili kwenye nondo za dirisha, nashika mbili, naenda na kurudi. Dirisha halileti habari, ila halichoki.

Jumapili alasiri kuna kituo kinachopiga kantri tupu. Nilikigundua kwa bahati. Kinyozi alipita akanikuta.

"Heee! Mama Chiriku, na wewe umeingia matanga?"

"Nasubiri taarifa ya habari."

"Itakuja na farasi," akasema, akaenda zake akicheka.

Chiriku hupiga simu, na katika simu amekuwa chiriku tena. Hunieleza viti vilipofikia, safu kwa safu, na jinsi anavyoweza sasa kugonga bila kutazama nyundo. Wiki iliyopita nikamwuliza kama redio bado ipo.

"Ipo, mama."

"Na bado anakuuliza zinasema nini?"

"Kila siku."

"Na mimi nimo?"

"Umo, mama, umo. Jana umepiga pasi mapazia ya ukumbi mzima."

Nikaridhika. Kisha nikasikia kimya kidogo, na mimi kimya chake nakijua.

"Chiriku. Na yeye?"

"Anashona kiti kimoja tu, mama. Kule nyuma kabisa. Huwezi hata kumwona."

Nilimwuliza kama anakula vizuri, nikakata. Roho iliniuma mpaka Jumapili. Jumapili nikawasha redio, akaja yule mwanamume wa kulalamika kwa pua, na kwa vile hakuna wa kunieleza, nikajaza mwenyewe. Nilimpa mwanangu lori, nikampa barabara kavu, nikamrudisha nyumbani kabla wimbo haujaisha. Fundi wa sofa nilimwacha nje. Akabisha hodi, sikuitika. Wimbo wa pili akabisha tena. Wa tatu nikamfungulia, nikamwambia aingie, akae pale kwenye kochi lililolala springi.